Miguu ya Bibi Mwavita Mjini Durban

Durban, 14 Machi 1999

Kwa Bibi yangu Mwavita, Kindu,

Pokea salamu zangu, na kabla ya lolote niambie kama unapumua vizuri, kama goti limeacha kukusumbua na kama nyumba bado ina paa. Mimi ni mzima. Nalisema hilo mapema kwa sababu Mama Françoise, jirani yetu atakayekusomea, husoma polepole kama anaonja mchuzi, na wewe subira huna.

Mwaka jana vita vilipoingia Kindu na vijana wa rika langu wakaanza kukusanywa wapewe bunduki, sikupata hata nafasi ya kukuaga. Nimepita Lubumbashi, nikapita Zambia na Zimbabwe, na sasa niko Durban, mji wa Afrika Kusini ulio kando ya bahari. Nalala chumba kimoja na Wakongomani wenzangu. Mchana nalinda magari ya watu wanaokuja kustarehe ufukweni. Namwonyesha dereva pa kuegesha, nalitazama gari lake, akirudi ananipa kidogo.

Kusema kweli, sina cha kukusimulia. Natoka chumbani naenda kwenye magari, natoka kwenye magari narudi chumbani. Bahari iko nyuma ya mgongo wangu kutwa nzima na sijaenda kuigusa. Hamu sina. Kila ninachokiona kinaniuliza kama wewe uko hai.

Nijibu, tafadhali. Barua hii naituma Goma kwa Ayoubu, yule mfanyabiashara anayepanda ndege za mizigo kuja Kindu. Nawe mpe yako.

Mjukuu wako,
Soudi

Kindu, 2 Juni 1999

Kwa mume wangu mtoro,

Salamu nyingi, pamoja na za goti langu ambalo bado linauma, na za paa ambalo bado lipo. Unakula? Unavaa kitu kizito asubuhi? Nimesikia huko kuna baridi.

Mjukuu gani huyo unayejiita? Tangu ulipokuwa mgongoni nakuita mume wangu, kama kila bibi anavyomwita mjukuu wake wa kiume. Ulipokuwa unapoteza meno ya utoto uliniahidi kwamba ukikua utanioa, utanipeleka mji mkubwa na kunitembeza mpaka viatu vikatike. Sasa umefika mji mkubwa, ndoa umeisahau.

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu kama babu yangu alivyonifundisha kwenye chuo cha Kurani, maana hizi za kizungu sikuzisoma. Wewe chuo ulikitoroka ukaenda kuvua samaki. Basi tafuta Mwislamu akusomee, na aibu iwe yako.

Kindu imefungwa, Soudi. Askari wamo mjini, wapiganaji wengine wamo porini, na sisi tuko katikati. Shamba langu liko ng'ambo ya Lualaba, nalitazama kila asubuhi na kuvuka siwezi. Treni haiji. Mimi niliyekwenda mpaka Kibombo kwa miguu kwa ajili ya arusi ya mtu nisiyemjua vizuri, sasa safari yangu ndefu ni ya kwenda kisimani.

Ndiyo maana barua yako ilinikasirisha. Una mji mzima mbele yako na hutembei. Basi nakuazima miguu yangu. Kila siku ya mapumziko ipeleke mahali pamoja, patazame vizuri, kisha uniandikie. Usiniambie tu kwamba ni pazuri. Niambie nani anauza nini, watu wanakula nini, wanacheka nini. Ukikaa chumbani, umenifungia na mimi humo.

Mkeo mkongwe,
Bibi Mwavita

Durban, 5 Januari 2000

Kwa mke wangu mkongwe, Bibi Mwavita,

Salamu zangu zikukute unatembea bila fimbo. Mimi sina hata mafua. Nakula, na baridi imeisha, sasa ni joto la kuvua shati.

Barua yako ilifika imechakaa, na kazi ya kumtafuta msomaji ikaanza. Wenzangu wa chumbani ni Wakristo wote. Nikaenda karibu na msikiti mkubwa wa mjini, nikaingia duka la mzee mmoja wa Kihindi anayeuza vitambaa. Anaitwa Mzee Goolam. Kiswahili hajui hata neno, lakini herufi anazijua. Akavaa miwani, akaanza kutamka. Yeye anasoma bila kuelewa, mimi nasikiliza naelewa. Aliposoma "mume wangu mtoro" aliisoma kwa sauti ya mtu anayesoma maneno matakatifu, na wateja wawili wakainamisha vichwa. Nilijiuma mdomo nisicheke. Akifika kwenye neno analolitambua kutoka lugha ya kwao, kama safari au dunia, ananitazama kwa furaha kama amekutana na ndugu. Mwisho akataka kujua bibi anasema nini. Nikamwambia bibi ananiamuru nikatembee. Akafunga duka, akanionyesha njia ya sokoni.

Basi miguu yako imetembea. Sokoni kuna milima ya viungo vyekundu na vya manjano, na kimoja kikali kupita vyote wamekipa jina la mama mkwe. Nilikula mkate uliotobolewa katikati ukajazwa mchuzi wa maharagwe. Unamega mkate wenyewe kuchotea mchuzi, hakuna sahani. Kando ya bahari kuna wanaume wa Kizulu wanaovuta vigari vya kubeba wageni. Mvutaji amevaa kichwani pembe kubwa za ng'ombe na shanga mpaka kifuani, na akiruka juu abiria wanabaki wanaelea na kupiga kelele. Vinaitwa riksho. Mchangani wapo vijana wanaofinyanga simba mkubwa kwa mchanga tu, na wanamnyunyizia maji asianguke.

Na bahari nimeigusa. Bibi, haina ng'ambo. Nilitafuta ng'ambo kama tunavyoitazama ya Lualaba, macho yakarudi mikono mitupu. Maji yake ni chumvi tupu. Sikukuu hizi watu wamekuja kwa mabasi kutoka bara, wanaoga na nguo zao, wanaviringishwa na mawimbi wakicheka, na wakiondoka wanajaza maji hayo kwenye chupa wapeleke nyumbani. Wanasema ni dawa. Nami nimejaza chupa moja kwa ajili yako. Niitume?

Mumeo, miguu inamuuma,
Soudi

Kindu, 20 Aprili 2000

Kwa mume wangu mwenye miguu yangu,

Salamu kwako na kwa Mzee Goolam, na umwambie asante kwa kuniazima ulimi. Mimi ni mzima, ila nimepungua, ukiniona utadhani ni mtoto wa Mwavita.

Barua yako imeleta fujo. Françoise aliisoma uani kwangu, na wanawake waliokuja kuteka maji wakaweka ndoo chini. Alipofika kwenye bahari, kila mtu akataka arudie. Ujue huku chumvi hakuna. Kinachoshuka na ndege kinaishia kwa wakubwa. Mimi nimerudia mambo ya nyanya zetu, nachoma majani ya mtoni, nachuja majivu yake na kuchemsha mpaka ibaki chumvi nyeusi chungu. Sasa wewe unatuambia kuna watu wanaoga ndani ya chumvi. Rehema, yule mwuza maandazi, alisimama akasema, "Huyu mutoto anatudanganya. Chumvi mingi vile, na watu wanaicheza tu?" Mwingine akamjibu kwamba labda unatia chumvi kidogo, na hapo tukacheka wote mpaka machozi, maana hata hiyo ya kutia hatuna. Sikumbuki mara ya mwisho tulipocheka hivyo.

Tangu siku hiyo wanakuja kila jioni. Barua imesomwa mpaka imekatika kwenye mikunjo. Françoise akishika karatasi tu, Rehema anauliza, "Leo tunaenda wapi?" Yeye kila siku anataka riksho. Ameuliza kama mvutaji anakubali mwanamke mnene.

Chupa usiitume. Akina Ayoubu wataipikia wali njiani. Iweke, uilete mwenyewe siku utakapokuja kunitembeza. Hiyo ndiyo ahadi yetu sasa, na nimewaambia wanawake wote, kwa hiyo hutaikwepa.

Tuma mahali pengine. Mji tumeumaliza.

Mkeo,
Bibi Mwavita

Durban, 16 Julai 2000

Kwa mke wangu na wenzake wote wa uani,

Salamu, ndoo zenu zote zijae. Mimi ni mzima na nimenona kidogo. Mwambie Mama Rehema nimeuliza: mvutaji wa riksho amesema mwanamke mnene ndiye anayefaa, hamwangushi akiruka.

Wiki hii tumeona jambo. Wakati wa baridi samaki wadogo wa fedha husafiri baharini kwa makundi makubwa mpaka maji yanakuwa meusi, na mawimbi yakiwatupa ufukweni mji mzima unaacha kazi. Niliona mwanamke wa benki na viatu vyake vizuri mkononi, anachota samaki kwa sketi. Niliona mzee anajaza kofia. Magari yangu niliyaacha, na wenye magari nao walikuwa majini. Mzee Goolam alisimama pembeni akishika kanzu isilowe, akinionyesha kwa kidole walipo wengi. Nilileta ndoo nzima chumbani, na wenzangu tukakaanga mpaka majirani wakaja.

Kitu kimoja nataka kusema wazi. Barua yako ya kwanza ilinitoa shimoni. Sasa nikitembea nazungumza na watu, nawajua wavuvi wa kwenye gati, nawajua wafinyanzi wa simba. Wakongomani wanaofika wapya wanaletwa kwangu niwazungushe mji. Nikiwaonyesha, nawaambia mke wangu alisema tutazame nani anauza nini. Chupa iko juu ya kabati.

Mumeo,
Soudi

Durban, 10 Desemba 2002

Kwa Bibi yangu,

Salamu. Sijui niulize nini kwanza.

Barua zako mbili za mwaka jana nilizipata. Mwaka huu hakuna. Redio imesema kulikuwa na mapigano ndani ya Kindu yenyewe mwezi wa tisa, na baada ya hapo haisemi tena. Ayoubu haonekani Goma. Kila Ijumaa Mzee Goolam ananyoosha mkono apewe barua, nami natikisa kichwa. Ijumaa iliyopita alivaa miwani akaisoma tena ile barua yako ya zamani, yote, bila kuombwa. Nililia dukani mwa watu.

Bado natembea. Jumapili nilipita sokoni, kwenye simba wa mchanga, kwenye gati, kwa mpangilio uleule mnaoupenda. Kama unaniona, uliniona.

Niandikie hata mstari mmoja.

Soudi wako

Kindu, 8 Mei 2003

Kwa mume wangu,

Salamu. Niko hai. Mshukuru Mungu, kisha mwambie Mzee Goolam apumue, usimwache na miwani mkononi.

Mji ulibadili watawala mara mbili, na kila mara risasi zilitupita juu. Tulijifungia kwa Françoise kwa sababu nyumba yake ni ya matofali, wanawake wote wa uani, tumelala sakafuni. Karatasi zako zilibaki kwangu, lakini Françoise alikuwa amezijua kwa moyo. Basi alitutembeza. Tulianzia sokoni kwa mama mkwe, tukala mkate wenye mchuzi, tukashuka baharini. Mmoja akikosea njia wengine walimrekebisha, kwamba hapana, gati linakuja baada ya simba. Nje kulikuwa na kelele za vita, na ndani watu wazima walikuwa wanabishana juu ya simba wa mchanga. Usicheke. Hivyo ndivyo akili zetu zilivyopona.

Rehema hatunaye. Risasi hazikumgusa, ni homa, na dawa hazikuwepo. Siku ya mwisho nilikuwa nimemshika mkono, akaniuliza, "Leo tunaenda wapi?" Nikamwambia tunapanda riksho. Akasema vizuri. Nilimpenda sana yule mwanamke na kelele zake, na uani pamekuwa kimya mno.

Sasa wanasema amani inakuja. Jana nimevuka mto kwa mara ya kwanza, nimeliona shamba langu. Limekuwa pori, lakini udongo haujaenda popote. Nitalilima.

Chupa bado ipo?

Mkeo,
Bibi Mwavita

Kindu, 11 Februari 2025

Kwa mume wangu wa zamani,

Salamu kwako, kwa mke mwenzangu Béatrice na kwa watoto wenu. Nasikia umeota kitambi. Hongera, mume wa Mwavita hawezi kuwa mwembamba.

Utashangaa kuona mwandiko wangu baada ya miaka yote hii. Simu ilituharibia barua. Ilipofika Kindu tulifurahi, na tangu hapo maongezi yetu yamekuwa ni salama, salama, chaji inaisha. Sasa masikio yangu yamestaafu. Siku ya Idi ulinipigia kutwa nzima na mimi nikasikia upepo tu. Basi nimerudi kwenye kalamu.

Nina jambo ambalo simu haikulipa nafasi. Unakumbuka kiangazi maji ya Lualaba yakipungua, mchanga unatoka katikati ya mto? Baada ya vita wanawake wa uani tulivuka kwenda kukaa pale siku moja, kumkumbuka Rehema. Tulichoma samaki. Françoise akafinyanga simba wa mchanga, akatoka kama mbuzi mgonjwa. Tukapaita Durban. Mwaka uliofuata tukarudi, na watoto wetu wakatufuata, na wao wakaleta wenzao. Siku hizi kila Jumapili ya kiangazi mji mzima uko huko. Kuna muziki, kuna mpira, kuna wauza soda na samaki wa kuchoma, na vijana wanashindana kufinyanga simba. Wapiga kasia wanaita abiria, "Durban, Durban, bado wawili." Hakuna anayeuliza jina lilitoka wapi.

Mwezi uliopita Divine, binti wa dada yako, aliniona nimeshika picha yako uliyopiga ufukweni. Nikamweleza mjomba wake anaishi Durban. Akanitazama kwa mashaka. "Bibi," akasema, "kumbe iko Durban ingine?"

Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia, kwa sababu huyo mtoto hajui njaa ile wala sakafu ile. Anajua mchanga na samaki tu. Hicho ndicho barua zako zilichofanya, na nilitaka ukijue ningali na akili zangu.

Sasa sikiliza. Vita vimerudi huko Goma, najua. Karatasi za ukimbizi zinakufunga, najua pia, kwamba ukitoka hawatakuruhusu kurudi. Sikulaumu. Lakini mimi bado sijatembezwa. Kila mwaka wananibeba mpaka mchangani kama mzigo wa mihogo, nakaa, narudi. Kutembezwa ni kitu kingine. Niliwaambia wanawake wote kwamba utanitembeza, na kati yao tumebaki mimi na Françoise. Mchanga utatoka mwezi wa sita. Goti langu likigoma kabisa sitaweza kukudai tena.

Ukijibu, andika kwa herufi kubwa. Macho ya Françoise yamefifia, na Divine anasoma haraka kama anafukuzwa na nyuki.

Mkeo anayesubiri,
Bibi Mwavita

Kibombo, 19 Julai 2025

Kwa mke wangu wa kwanza, Bibi Mwavita,

Salamu zangu unazipokea mkononi, maana mara hii mbebaji wa barua ni mimi. Hali yangu ni nzuri, ila makalio yanalalamika. Karatasi za kuniruhusu kutoka na kurudi zilipatikana mwezi wa tano. Béatrice alinifungia mzigo kabla sijamaliza kumwomba, akasema mke mkubwa ametangulia. Nimepanda basi mpaka Lubumbashi, na kutoka pale treni, kwa kuwa njia ya Goma haipitiki. Sasa treni imesimama Kibombo. Wanasema kichwa chake kina homa, wanakitibu. Hapa ulipokuja arusini kwa miguu, wallahi mimi nisingeweza.

Unaona mwandiko? Ni wangu. Mzee Goolam alinifundisha herufi zako miaka yake ya mwisho, duka likiwa halina wateja, mpaka alipofariki. Alisema haifai mtu kumsikiliza mkewe kupitia kinywa cha mwanaume mwingine. Nilichelewa kuzizoea, na treni inanitikisa, lakini zote ni za mkono wangu. Leo hatuhitaji Françoise wala Divine. Ni mimi na wewe tu.

Chupa iko katikati ya miguu yangu. Kwenye kizuizi kimoja njiani askari aliitoa kwenye mfuko, akaifungua na kuinusa akidhani ni pombe kali. "Hii njo nini, muzee? Lotoko?" Nikamwambia, "Njo bahari." Hakuamini. Akaionja, akatema, akanitazama kwa huruma, akanirudishia. Kwa hiyo imepungua mdomo mmoja. Iliyobaki tutaimwaga mchangani, pale palipokuwa na mbuzi mgonjwa wa Françoise, na kidogo kwa ajili ya Rehema.

Nikishuka stesheni sitapiga simu, maana utasikia upepo. Nitakuja moja kwa moja uani, nikupe karatasi hii, nikae kwenye kile kigoda chako cha jikoni kama bado kipo, nikutazame ukisoma. Usiharakishe. Mwenye mtumbwi nitakuwa nimemwomba asubiri. Goti lisikutie hofu. Mimi si mvutaji wa riksho, pembe sina, lakini mgongo ninao, na ulinibeba kwanza.

Ukifika mstari huu, inua macho uniambie leo tunaenda wapi.

Mumeo,
Soudi